Pompie wa Gécamines: Baba Aliyelinda Nyumba Mbili

Mzee wa Gécamines akifariki hapa Kolwezi, kilio hakikosi watu. Viti vya plastiki vinapangwa mbele ya nyumba, turubai inafungwa kati ya ukuta na mwembe, akina mama wanawasha mbabula upande wa nyuma, na wazee wenzake wanafika mmoja mmoja katika makoti yao ya zamani. Wanakaa pembeni, peke yao. Mazungumzo yao hayaanzi na ugonjwa wala na gharama za mazishi. Yanaanza na kazi. Marehemu alikuwa wapi? Luilu? Kamoto? Musonoi? Alianza mwaka gani? Matrikule yake ilikuwa namba ngapi?

Jibu likiwa "alikuwa pompie", wazee wanatikisa kichwa. Kila mmoja anaelewa. Wengine wote walikimbia moto ulipowaka; yeye ndiye aliyeufuata.

Makala hii ni ukumbusho wa watu hao: wazimamoto wa kampuni, waliostaafu, waliolea watoto wengi katika nyumba ndogo za kartie za wafanyakazi. Haimtaji mmoja kwa jina, kwa sababu majina yao ni mengi na familia zao zinayajua. Lakini maisha yao yanafanana, na yanastahili kuandikwa kabla wa mwisho wao hajalala.

Kampuni iliyokuwa baba na mama

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Miaka ya kwanza wafanyakazi waliletwa kwa mikataba mifupi, wakaishi kama wageni, kisha wakarudi kwao. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha mwendo. Iliona kwamba mtu anayekaa na mke na watoto anafanya kazi vizuri zaidi, haugui ovyo, na haondoki. Basi ikatoa mikataba ya miaka 3, ikajenga kambi zenye nyumba za familia, dispensari, hospitali, na shule zilizoongozwa na wamisionari. Posho ya unga, maharagwe, mafuta na chumvi ikagawiwa kufuatana na hesabu ya watu nyumbani.

Kolwezi ulizaliwa katika mpango huo. Mji ulianzishwa mwaka wa 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi. Ukaota kartie zake kandokando ya mashimo na viwanda: Musonoi, Kapata, Luilu na nyinginezo. Mtoto wa mfanyakazi alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akapimwa uzito na muuguzi wa kampuni, akasoma katika shule ya kampuni, na alipokua akaandikwa kazi katika kampuni ileile iliyomwajiri baba yake. Watu wa Katanga walisema wazi: kampuni njo baba, njo mama.

Msemo huo ulikuwa na sifa ndani yake, na pia ulikuwa na kamba. Baba anayelisha ndiye pia anayeamuru. Mwezi Desemba 1941, wafanyakazi wa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, walipogoma kudai mshahara, walipigwa risasi katika uwanja wa mpira, na kiongozi wao Léonard Mpoyi akauawa. Wazee wa kizazi kilichofuata walikua wakisikia habari hiyo kwa sauti ya chini.

Chukua mfano wa kijana aliyezaliwa mwaka wa 1945 na kuandikwa kazi mwaka wa 1965, akiwa na miaka 20. Akifunga miaka 2 ya kwanza, kampuni inabadilika jina mikononi mwake: tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu inaitwaa Union Minière, na baada ya majina mawili matatu inakuwa Gécamines. Sare inabaki ileile. Zamu inabaki ileile. Na moto, bila shaka, haujali nani mwenye kampuni.

Kazi yenyewe

Watu wengi wanafikiri kazi ya pompie ni kumwaga maji tu. Katika mji wa shaba, mtu wa namna hiyo angekufa juma la kwanza.

Kiwanda cha Luilu, kilichoanza kazi mwaka wa 1960, kinayeyusha madini kwa asidi ya salfa kisha kinatoa shaba kwa umeme. Maana yake, chini ya paa moja kuna asidi, kuna umeme mwingi, kuna mafuta, na kuna watu. Kila kimoja kina adabu yake. Ukimwaga maji ndani ya asidi kali, asidi inachemka ghafula na kumrukia mwenye ndoo usoni. Ukimwaga maji juu ya mafuta yanayowaka, mafuta yanaelea juu ya maji na moto unatembea nayo hadi kwa jirani. Hapo inahitajika povu la kufunika. Ukielekeza mpira wa maji kwenye transfoma kabla umeme haujakatwa, maji yenyewe yanakuletea kifo hadi mkononi.

Chini ya ardhi ni dunia nyingine tena. Katika mgodi kama wa Kamoto, moshi unaua kabla ya miali. Njia za hewa ndizo njia za moshi. Pompie anayeshuka hawezi kutegemea macho; anahesabu hatua, anashika ukuta, anamsikiliza mwenzake, na anajua hewa aliyobeba mgongoni inatosha dakika ngapi kwenda na dakika ngapi kurudi. Anayesahau hesabu ya kurudi hasimulii. Na baada ya moto kuna maji: mgodi wa chini unaishi kwa pampu, na pampu zikisimama, shimo linaanza kujaa.

Kwa hiyo kazi kubwa ya pompie ilikuwa kabla ya moto. Kukagua mipira isipasuke. Kufungua na kufunga vali zisishike kutu. Kuangalia kama vizima-moto vimejaa. Kumkataza mtu kuvuta sigara penye petroli, hata kama mtu huyo ni mkubwa kwake. Siku nyingi za maisha yake zilipita bila moto wowote, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili kwamba kazi imefanywa. Ni kazi ngumu kuisifu kwenye kilio, maana sifa yake ni mambo ambayo hayakutokea: nyumba ambazo hazikuungua, akina mama ambao hawakuwa wajane.

Nyumba ya pili

Mtu aliyefundishwa kuona hatari kazini hawezi kuiacha mlangoni anaporudi. Watoto wa mapompie wanajulikana kwa hilo hadi leo. Nyumbani kwao mbabula hailali ndani. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, Kolwezi ikiwa juu ya mita 1,400 na upepo ukikata masikio, familia nyingi huingiza makala chumbani ili kupata joto. Baba pompie aliitoa nje, hata kama watoto walilia. Alijua kwamba makala yenye wekundu mzuri, bila moshi wowote, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kilichofungwa kinaweza kulaza familia nzima isiamke.

Mafuta yakiwaka kwenye sufuria ya mama, hakuna kumwaga maji. Ni kifuniko au kitambaa kilicholowa, taratibu, na kuondoa moto chini. Chupa ya petroli ya taa haiwekwi karibu na jiko wala haiwekwi penye mtoto. Mlango haufungwi kwa vitu vizito usiku. Masomo haya hayakuandikwa kwenye daftari lolote la shule, lakini yamepita kutoka baba kwenda mtoto, na kutoka mtoto kwenda mjukuu, pamoja na bukari na sombe ya jioni.

Kazi ya zamu ilimfanya baba wa namna ya pekee. Juma moja alikuwa nyumbani mchana, akiwaona watoto wakirudi shuleni. Juma jingine alilala mchana na nyumba yote ikatembea kwa ncha za vidole. Mke wake ndiye aliyebeba saa ya familia. Yeye alijua zamu, yeye alipanga posho ifike mwisho wa mwezi, yeye alikaa macho pale king'ora kilipolia na mume hayupo. Ukumbusho wa pompie usiomtaja mama wa nyumba umeacha nusu ya habari.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa mwaka wa 2001 kitabu kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga, na katika kichwa chake aliwaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Alionyesha jinsi kampuni ilivyoingia ndani ya mamlaka ya baba: ilipotoa kila kitu, baba aliheshimiwa kama mkono wa kampuni, ilipoanguka, heshima ya baba nayo ikatikisika. Jambo hilo wazee wanalijua bila kitabu. Wameliishi.

Miaka ya risasi na miaka ya njaa

Kijana yule wa mfano alikuwa na miaka 15 Katanga ilipojitenga, tarehe 11 Julai 1960. Kolwezi ulikuwa mji wa mwisho wa Tshombe. Askari wa Umoja wa Mataifa waliuingia mwezi Januari 1963. Kabla ya hapo watu wa Tshombe walitishia kulipua mitambo na lambo la Nzilo. Hawakufanya hivyo. Lau wangefanya, mji usingekuwa na umeme wala kazi ya kumwandika kijana yeyote.

Alikuwa na miaka 33 tarehe 13 Mei 1978, waasi wa FNLC walipouteka mji. Siku 6 baadaye, tarehe 19 Mei, wanajeshi wa Ufaransa wa kikosi cha kigeni waliruka kwa parashuti juu ya Kolwezi, na Wabelgiji wakafuata kesho yake. Waliouawa walikuwa mamia, wenyeji na wazungu pamoja. Vitabu vingi vya Ulaya vinahesabu parashuti. Familia za Kolwezi zinakumbuka mambo mengine: kulala chini ya kitanda, maji yaliyokatika, na asubuhi ambayo watu walitoka polepole kutazama nani bado yuko hai katika avenue yao. Kisha wafanyakazi wakarudi kazini, kwa sababu mgodi hauwezi kuachwa.

Kilele kilikuja. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Pompie wetu alikuwa na miaka 41, watoto shuleni, unga nyumbani. Halafu, mwezi Septemba 1990, sehemu kubwa ya mgodi wa chini wa Kamoto ikaporomoka. Mashine zilikuwa zimechoka, fedha zilikuwa zimeliwa, vipuri havikuja. Kufikia mwaka wa 1994 kampuni ilitoa chini ya tani 40,000, yaani hata sehemu moja kati ya 10 ya ile ya 1986 haikufika.

Katikati ya anguko hilo siasa iliwasha moto ambao hakuna mpira wa maji ungeuzima. Mwaka wa 1992 na 1993, maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala stesheni kwa majuma, wakingoja treni, na wengi walikufa kwa magonjwa wakiwa hapohapo au njiani. Walikuwa wafanyakazi, walimu, wauguzi, majirani wa ukuta mmoja. Katika zamu nyingi nafasi ya mtu mmoja ilibaki wazi. Wazee wakifika kwenye sura hii ya mazungumzo, kilio kinanyamaza kweli, kwa sababu kila mmoja anakumbuka alichofanya na alichoshindwa kufanya.

Mwaka wa 2003

Miezi bila mshahara ikawa miaka. Ndipo ikaja ile iitwayo Departi Volonteri. Kwa msaada wa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines walipewa malipo ya mwisho na kuondoka. Kijana wa 1965 alikuwa sasa na miaka 58, na miaka 38 ya kazi. Jina lilisema kuondoka kwa hiari. Lakini mtu ambaye hajalipwa mshahara kwa muda mrefu, ambaye watoto wake wamefukuzwa shuleni, hiari yake ni ya namna gani? Wengi walitia saini kwa sababu fedha kidogo mkononi ilikuwa bora kuliko fedha nyingi kwenye karatasi.

Baadhi walinunua gari la teksi likafa baada ya mwaka. Baadhi walijenga. Baadhi walilipa madeni na kubaki na bahasha tupu. Kwa miaka mingi vyama vya waliondoka viliendelea kudai kwamba malipo hayakulingana na haki zao, na wengi wa wadai hao wamekwisha kuzikwa. Pamoja na mshahara vilikwenda pia matibabu ya hospitali ya kampuni na nafasi ya watoto shuleni. Mama akaingia shambani na sokoni, na mara nyingi yeye ndiye aliyelisha nyumba. Mtoto wa kwanza, aliyetarajiwa kurithi sare ya baba, akachukua piki na kigunia akaenda kuchimba.

Wahenga walisema moto huzaa jivu. Si kweli daima. Katika nyumba hizo wametoka walimu, wauguzi, mafundi wa umeme na mafundi wa magari, waliosomeshwa kwa mihogo na makala ya kuuza. Baba hakuwa tena na mpira wa maji, lakini bado alikuwa amesimama kati ya watoto wake na moto.

Mji mpya, moto uleule

Mwaka wa 2015 Kolwezi ukawa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba. Kobalti imeuleta ulimwengu wote mlangoni: malori, makampuni, maduka, watu kutoka kila pembe. Mwaka wa 2014 wakaaji wa Kasulo waligundua madini chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba vyumbani na uani. Katika Cité Gécamines, mgodi uliopanuka umekuja hadi kwenye kuta za watu. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka wa 2023 ilieleza jinsi familia zilivyoondolewa huko. Nyumba ambayo pompie aliilinda isiungue, leo yaweza kuondolewa na tingatinga asubuhi moja.

Hatari nazo zimeongezeka. Tarehe 12 Novemba 2017, treni ya mizigo iliyobeba mafuta iliacha reli huko Buyofwe, katika eneo la Lubudi, ikaanguka bondeni na kuwaka. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wakiwa wasafiri waliopanda juu ya mabehewa kwa kukosa treni nyingine. Tarehe 20 Februari 2019, lori lililobeba asidi liligongana na magari mengine huko Kabwe, kwenye barabara ya Kolwezi na Lubumbashi, na takriban watu 20 wakafa. Petroli na asidi ni vitu ambavyo pompie wa zamani alivijua kama anavyojua watoto wake. Alijua pa kusimama, upepo unatoka wapi, na jambo la kwanza la kuwaambia watu: rudini nyuma, msiguse. Ujuzi huo haujapotea wote. Mwingi umekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, na hakuna anayeuuliza.

Funzo la Kingamyambo

Karibu na mji kuna Kingamyambo. Kwa miaka mingi, kuanzia enzi ya Union Minière, kiwanda cha kusafisha madini kilimwaga huko matope yake, mabaki ambayo hayakuhitajika tena. Mengine yalishuka katika bonde la mto Musonoi. Kwa miaka watu waliyaita takataka. Kisha wataalamu wakapima: karibu tani milioni 113, zenye shaba asilimia 1.49 na kobalti asilimia 0.32. Makampuni yakagombania, hata kesi zikavuka bahari. Leo matope yale yanafanyiwa kazi tena na kutoa mali.

Wazee wa Gécamines wanaitazama Kingamyambo na kucheka kidogo. Kilichotupwa kimeokotwa. Na wao je?

Historia yao inaweza kuokotwa pia, na haihitaji kampuni kubwa. Mwaka wa 1965 huko Elisabethville chama cha wafanyakazi wa nyumbani kiliandika historia ya mji wao kwa Kiswahili cha kwetu, kwa mkono wa André Yav; leo maandishi hayo yanasomwa katika vyuo vikuu mbali na hapa. Tangu mwaka wa 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi umekusanya picha, vitu na masimulizi ya wakaaji wa kule. Kolwezi una wazee wa kutosha kufanya hivyo, ila idadi yao inapungua kila msimu wa baridi.

Yule kijana aliyezaliwa mwaka wa 1945 ana miaka 80 na zaidi, kama bado yuko. Mjukuu mwenye simu anaweza kurekodi sauti yake jioni moja: ulianza lini, mkubwa wako alikuwa nani, moto gani ulikuogopesha, ulirudi vipi nyumbani siku ile. Kadi ya kazi yenye matrikule isitupwe pamoja na nguo za marehemu. Picha ya watu wamesimama mbele ya gari jekundu iandikwe majina nyuma, kwa kalamu, wakati bado kuna anayeyajua.

Na jioni, wakati wa baridi, mbabula itolewe nje kabla ya kulala. Hiyo ndiyo kumbukumbu ambayo pompie angeipenda kuliko maua.